Raba za Mlango wa Babu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukatakata raba za zamani kabla sijajua kama mpya zinafaa.

Nilizibandua kwenye milango yote minne ya gari la Babu, asubuhi moja masika yakianza, nikazikata kwa kisu vipande vya urefu wa kidole na kumpelekea Mama jikoni. Kwetu Bujonde mvua ikishashika, kuni hazikauki tena kwa miezi. Kila jiko lina kopo la vipande vya raba, vya ndala zilizokatika au tyubu za baiskeli, na asubuhi kinawashwa kipande kimoja kwanza ndipo kuni zikubali. Mama alizipokea kama zawadi. Akajaza kopo, zilizozidi akazifunga kwenye mfuko akautundika juu ya mlango wa jiko. Mimi nilifurahi kuliko yeye, na sababu yake inanitia aibu. Siwezi kuvumilia kitu kichakavu kikae karibu na kitu kipya. Nilitaka uwanja uwe safi kabla kazi haijaanza. Sikujiwekea hata kipande kimoja cha kulinganishia.

Niseme mapema kwamba sikusomea ufundi. Nimejifunza kwenye simu, kwa video za watu wanaozungumza Kiingereza cha haraka, ambazo nazirudisha nyuma mara kumi huku nikichora kwenye daftari. Nina miaka ishirini na minne. Skrubu ikikaa upande tumbo linaniuma. Nikifunga bomba narudi kuangalia kama kweli nimelifunga, kisha narudi tena. Majirani wanaita hilo umakini na kunisifu. Mimi najua ni hofu.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko baba yangu. Ni gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa ya unga, ambalo Babu alilinunua akiwa mwalimu, kwa mshahara na mpunga wa misimu kadhaa. Injini yake imefunguliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuorodhesha. Lakini milango ilikuwa haijaguswa, na milango ndiyo iliyokuwa sifa yake. Ulikuwa unausukuma mlango kwa vidole viwili, unasikia mlio mdogo kama mtu anayefunga Biblia, basi umefunga. Watu wenye magari mapya walikuwa wanaomba waujaribu.

Babu alipopata kiharusi, upande wake wa kulia ulilegea. Ninamwogesha, ninamvalisha, ninamshika mkono kwenda na kurudi. Chakula ninamkatia. Jambo moja tu alibakiza kuwa lake. Akishaketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto, ananiambia, "Sogea," kisha anaufunga mlango mwenyewe, kwa vidole viwili vya mkono uliobaki na nguvu kidogo. Halafu anatazama mbele kama zamani alipokuwa anaingia darasani. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, nilikuwa nasubiri mlio ule ndipo nawasha injini.

Ila mvua ilikuwa inaingia. Raba zilikuwa zimechoka pale juu, na maji yalikuwa yanateremka taratibu mpaka kwenye suruali ya Babu ya Jumapili. Yeye hakulalamika. Mimi ndiye niliyekosa raha. Nikatafuta raba mpya kwenye simu.

Muuzaji mmoja alikuwa anaweka picha nzuri sana. Raba nyeusi, zimekunjwa kama keki, zinang'aa. Nilichagua za bei ya chini kabisa. Nikampigia.

"Bosi wangu," akasema, "hiyo ni kopi namba moja. Huwezi kuitofautisha na yenyewe."

"Inaingia gari la babu yangu?"

"Inaingia gari zote za zamani, bosi. Zote."

Neno "zote" lingetosha kunizuia. Mtu anayerudi mara mbili kuangalia bomba alishindwa kuuliza swali la pili. Mpaka leo nikikumbuka sauti yake ile yenye usingizi natamani kurusha simu kisimani.

Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea stendi ya Kyela. Nilipoufungua nyumbani, raba zilikuwa na unga mweupe na harufu kali iliyokaa kwenye vidole hata baada ya kunawa. Zilikuwa ngumu. Kwenye video walisema raba ngumu ianikwe juani kwanza. Jua lilikuwa limetoka kidogo, na mahali pekee palipokuwa pakavu ni kwenye mikeka ya Mama ya kuanikia kakao. Nikazilaza pembeni ya kakao.

"Gwe!" Mama aliita kutoka jikoni. "Hiyo mipira inafanya nini kwenye kakao yangu?"

"Naianika kidogo, Mama, iwe laini."

"Iwe laini! Mnunuzi akija akakuta kakao inanuka matairi, utainunua wewe? Toa!"

Nikatoa. Kazi ya milango yenyewe niliifanya siku tatu. Nilikwangua gundi ya zamani kwa kisu, nikapangusa kwa petroli, nikapiga msasa kila mahali palipokuwa na kutu. Sehemu hiyo niliifanya vizuri, na nitaisema kwa sababu ni sehemu pekee. Nilipofika kwenye raba zenyewe niliharibu. Nilizivuta kwenye kona ili zikae bila mikunjo, maana mkunjo hata mmoja ungeninyima raha. Maungio nikayaweka juu ya mlango, ambako macho yangu yasingeyaona kila mara. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua tano nikatazama. Gari lilionekana limetoka kiwandani. Nikapiga picha.

Kisha nikafunga mlango, ukarudi.

Nikafunga tena, ukarudi tena. Mara ya tatu nikaubamiza kwa nguvu zangu zote, ukashika. Kuku wakaruka. Ng'ambo ya barabara, fundi wa bodaboda, jirani yetu, mtu asiyekosa la kusema, akainua kichwa kutoka kwenye pikipiki aliyokuwa anaifungua.

"Mdogo wangu, mmeanza vita na Malawi?"

Nilisogeza kile chuma cha kwenye nguzo kinachoshika loki. Nikakisogeza nje mpaka mwisho. Mlango ukashika kwa urahisi kidogo lakini ukawa unacheza. Nikakirudisha. Nikampigia muuzaji.

"Piga kwa nguvu tu, bosi. Raba ikishazoea itakaa."

"Itazoea lini?"

"Itakaa tu."

Sijawahi kuchukia maneno mawili kama hayo. Itakaa tu. Ndivyo wanavyosema watu wanaokuuzia bati linalovuja na dawa ya mpunga isiyoua hata mdudu. Nilimtumia jumbe za sauti kumi na moja. Katika ya kumi nilikuwa nalia, na sioni haya kuandika hivyo. Akanibloku.

Jumapili ikafika. Babu alivaa koti lake la kijivu, nikamsaidia kuketi. "Sogea," akasema. Nikasogea. Akauvuta kwa vidole viwili, mlango ukarudi nje. Akauvuta kwa vidole vyote. Akajaribu kuuvuta kwa nguvu, mkono ukateleza, akajigonga kwenye kidevu.

"Mlango umeota kiburi," akasema, akitabasamu nusu mdomo.

Nikaubamiza mimi. Aliposikia kishindo alifumba macho kama mtu aliyerushiwa kitu. Kisha akatazama mbele, lakini si kama zamani. Alitazama kama abiria.

Ikawa hivyo kila wiki. Fundi wa bodaboda akawa anatuhesabia. "Leo tatu tu! Mnaendelea vizuri. Mwambie mzee anunue nyundo." Baada ya wiki chache raba nilizozivuta zikarudi kwenye urefu wao, maungio kule juu yakafunguka, na mvua ikaanza kuingia pale pale ilipokuwa inaingia mwanzo. Yaani sasa tulikuwa na mlango usiofungika na maji pia. Jumapili ya nne Babu akaniambia, akiwa bado kitandani, "Leo nitasali hapa hapa." Ya tano akasema hivyo hivyo. Nilimwambia ni sawa, nikatoka nje nikapiga tairi teke mpaka mguu ukavimba.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayana uzito.

Mama ni mkwe wa Babu, na kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Hamtazami, haketi naye, hapiti mbele yake. Wengi wameacha. Kanisani tumeambiwa mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya kale. Lakini Mama na Babu waliendelea nayo, bila kulazimishana, na mimi nimekua nikiona ni adabu yao wenyewe, tena nzuri. Babu hukohoa kabla ya kutoka nje ili Mama apate muda wa kupita. Mama hupika, mimi napeleka. Kanisani Mama huenda kwa miguu, sisi kwa gari, na hukaa upande ambao hawaonani. Baba anafanya kazi Chunya na hurudi Krismasi, kwa hiyo katikati ya hao wawili nipo mimi tu.

Basi, ilikuwa alasiri moja. Babu alipenda kukaa ndani ya gari uwanjani, mlango wazi, akisikiliza redio. Zamani mvua ikianza alikuwa anafunga mwenyewe na kuendelea kusikiliza. Nilimketisha pale, nikampa fimbo yake, nikamwambia nakwenda mjini mara moja. Mnajua nilikwenda kufanya nini? Kununua gundi nyingine. Bado nilikuwa naamini zile raba zinaweza kurekebishika, kwa sababu kukubali kwamba hazifai kungekuwa kukubali kwamba mimi ndiye niliyezichagua.

Nikiwa Kyela mjini nikasikia mvua inakuja kutoka upande wa ziwa. Nilichukua bodaboda chini ya mvua ile ile. Tulipokata kona ya kuingia kwetu, nikamwona Mama.

Alikuwa anatembea kinyumenyume katikati ya uwanja. Amejifunika kanga kichwani mpaka machoni, mikono imetangulizwa nyuma ikipapasa hewa, miguu inateleza kwenye matope. Alikuwa anaelekea kwenye gari kwa mgongo. Mlango wa Babu ulikuwa wazi, mvua inampiga moja kwa moja, na fimbo yake ilikuwa imeanguka chini kwenye maji. Mama alipougusa mlango akauzunguka bila kugeuza uso, akausukuma kwa mgongo. Ukarudi. Akausukuma tena, ukarudi, ukampiga. Mara ya tatu akarudi nyuma hatua moja na kujitupa juu yake kwa uzito wake wote, nikasikia kile kishindo changu. Kisha akaondoka mbio kuelekea jikoni, kanga imeanguka mabegani.

Niliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama. Nikamtoa Babu kwa mlango wa upande mwingine, nikambeba ndani, nikamvua nguo. Alikuwa anatetemeka. Hakunilaumu, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama angenipiga. Nikaenda jikoni.

Mama alikuwa amesimama, hajakaa, maji yanamtiririka.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Miaka ishirini na sita nimeishi uwanja mmoja na yule mzee. Sijakanyaga hata kivuli chake. Leo nimemfuata kinyumenyume kama kaa!"

"Mama, hukuita jirani?"

"Nimeita! Nimeita mpaka sauti imekatika. Mvua juu ya bati, nani asikie? Huyo fundi wako alikuwa amejifungia na redio. Nimwache mzee afe kwa baridi ndani ya gari lake?"

"Mama, ni hizi raba ndizo..."

"Usiniambie raba! Raba imekuja hapa kwa miguu yake? Mlango ulikuwa unafungika. Nani alikutuma?"

Hakuna aliyenituma. Hasira niliyokuwa nayo kwa muuzaji ilikuwa bado ipo, yote, lakini ilikuwa imepata mtu wa pili wa kumwangukia, na huyo alikuwa karibu zaidi.

Nilirudi kwa Babu na uji. Alikunywa vijiko vichache, kisha akashika mkono wangu.

"Mwambie mama yako, ndaga," akasema. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. "Na mwambie nilifumba macho."

"Ulifumba?"

"Tangu nilipoona kanga inakuja. Sikuona kitu. Mwambie hivyo."

Nikampelekea Mama maneno hayo jikoni. Akaacha kukamua nguo.

"Alifumba?"

"Amesema tangu ulipotokea."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili. "Basi," akasema, akageukia jiko.

Mvua ilipokatika nilikwenda kwenye gari na bisibisi nikazing'oa zile raba zote. Sikuzing'oa kwa ufundi. Nilizichana. Nilitaka kumpa Mama azichome, nikakata kipande kimoja kwa hasira, na nilipokiangalia nikaona kimeshikana ndani, hakina tundu, kama soli ya ndala. Sijui kwa nini nikakumbuka mfuko uliotundikwa juu ya mlango wa jiko. Niliuteremsha. Wiki zote hizo Mama alikuwa amewashia moto kwa raba za Babu. Vilibaki vipande vitatu.

Nikakiangalia kimoja kwenye ncha. Kilikuwa na tundu katikati, kama kikonyo cha jani la papai. Ukikiminya kinakubali, ukikiachia kinarudi. Hata baada ya miaka yote hiyo kilikuwa laini kuliko mpya. Hilo tundu ndilo lililokuwa linampa Babu mlango wake. Mkono wangu ulikata vipande zaidi ya mia kwa kisu, na macho yangu hayakuangalia ndani ya hata kimoja.

Nilivitia mfukoni nikaenda Mbeya, kwa wauza spea za mtumba. Nilikuwa natoka banda hadi banda nikiminya raba kwa vidole viwili, kipande cha Babu mkono mmoja, yao mkono mwingine. Mzee mmoja alinitazama mpaka akachoka.

"Wewe kijana, unanunua raba au unachagua parachichi?"

"Natafuta inayokubali, baba."

"Inayokubali nini?"

Nikamwonyesha kipande changu. Hakusema itakaa tu. Akakiminya, akaingia nyuma ya banda na kurudi na raba iliyong'olewa kwenye basi dogo lililopata ajali. Ilikuwa na tundu. Ilikuwa pia imepauka, karibu kahawia, na ilitosha milango miwili tu ya nyuma.

Nyumbani nikaibana kwenye mfereji wake kwa vidole, bila kuivuta na bila gundi, maungio chini. Kisha nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nikamleta Babu kabla sijamaliza.

"Sogea," akasema.

Akauvuta kwa vidole viwili. Mlango ukafika karibu, ukasita. Nilitaka kuuficha uso. Babu akapapasa ukingo wote taratibu kwa mkono wake mzima, vidole vikasimama karibu na bawaba.

"Hapa imepanda," akasema. "Ishushe."

Nikaishusha kidogo. Akauvuta tena, na ule mlio mdogo ukasikika. Akaufungua, akaufunga. Akaufungua tena. Jikoni Mama aliacha kutwanga. Babu aliendelea kufungua na kufunga, bila kunitazama, mpaka nikaona aibu kusimama pale nikaenda kujifanya natafuta gundi.

Sijamsamehe yule muuzaji. Bado anaweka picha zake, naziona kwa simu ya rafiki, na bado anawaambia watu zinaingia gari zote. Milango ya mbele ya gari letu bado inasubiri raba. Mvua kubwa ikija matone yanaingia upande wangu, na raba za milango ya nyuma zina ukahawia usiofanana na kitu kingine garini. Nikiangalia tumbo linaniuma, nami naliacha liume.

Babu amerudi kanisani. Mama bado huenda kwa miguu, na Babu bado hukohoa kabla ya kutoka. Kilichobadilika ni kwangu: siku hizi sitoi kitu cha zamani mpaka mtu atakayetumia kipya awe amekijaribu kwa mkono wake, na kipande kimoja cha raba ya Babu kipo kwenye kisanduku changu cha vifaa, hakiwashiwi moto.